MPANGAJI WA MIKUTANO: MFANYA KAZI AU TAJIRI?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wana chama wa matawi ya Kitale na Bungoma. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa kazini Jumamosi ile na wengine mlizuiwa na mvua.



Barua ya karani iliniuliza jambo moja tu: Je, watu wanaopanga mikutano na sherehe kwa malipo, waandikwe katika chama hiki pamoja na wabeba viti, wasimamisha tenti, wapishi na watu wa spika? Najua baadhi yenu mmekwisha sema hapana, tena kwa sauti kubwa. Mnasema mpangaji ni tajiri mdogo, na tajiri mdogo ni mbaya kuliko tajiri mkubwa, kwa sababu hana ofisi ambayo mtu aweza kumfuata siku ya Jumatatu. Hayo si maneno ya kuchezea. Nitayajibu, lakini kwanza tusemezane habari ya kazi yenyewe.

Watu wengi hudhani kupanga mkutano ni kupiga simu. Mtu akija kwangu akasema anataka arusi ya watu 300 huko Kiminini, kwanza namwuliza habari ya njia. Je, lori laweza kufika uwanjani ikiwa imenyesha usiku? Pili namwuliza maji. Tatu namwuliza vyoo, maana watu 300 bila choo si arusi, ni aibu. Nne namwuliza waya za umeme zapita wapi juu ya uwanja huo. Hayo yakiisha ndipo tuzungumzapo maua na vitambaa vya meza, ambavyo mwenye arusi hupenda kuvitaja mbele ya yote.

Na mvua. Ninyi mwajua, lakini wageni watokao Nairobi hawajui, kwamba kwetu Kitale tangu Aprili hata Septemba mvua hupenda kushuka baada ya saa sita za mchana, pamoja na radi. Mpangaji anayewaambia vijana wasimamishe nguzo za chuma saa tisa, huku wingu la Mlima Elgon limekwisha kuwa jeusi, huyo hajui kazi, hata kama amechapisha kadi nzuri yenye jina lake kwa rangi ya dhahabu. Tenti husimamishwa asubuhi, au siku moja kabla.

Kazi hii ina misimu kama shamba. Mahindi ya Trans Nzoia yakivunwa, Oktoba hata Desemba, fedha huonekana na arusi huanza. Bungoma, mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, ni mwezi wa tohara ya Wabukusu, na hapo tenti na sufuria kubwa hutafutwa toka Chwele mpaka Webuye. Mazishi hayana msimu. Hayo ni kila Ijumaa na kila Jumamosi. Halafu iko mikutano ya kaunti. Tangu serikali za kaunti zilipoanza 2013, wananchi huitwa kusema maoni yao juu ya bajeti na mipango, na Bungoma ina wadi 45, Trans Nzoia 25. Hesabuni wenyewe ni viti vingapi. Na kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti, kuna uchaguzi mkuu, na miezi iliyo mbele yake ndiyo miezi ya kelele nyingi na madeni mengi kuliko yote.

Kazi hii si ngeni kama vijana wasemavyo. Watu wa vyama vya wafanya kazi waliifanya kabla haijapata jina. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000 walipogoma, walikutana uwanjani siku baada ya siku. Yuko mtu aliyechagua uwanja, yuko aliyepeleka habari bandarini na katika reli, yuko aliyeamua nani aseme kwanza. Hawakulipwa, wala hawakutaka kulipwa. Mazishi nayo na arusi zilipangwa na jirani: huyu alileta kuni, yule debe la mahindi, wanawake walipika, wazee waliketi juu ya nyasi. Mpaka leo vijijini jirani bado huleta kuni. Lakini tenti haitoki kwa jirani. Tenti hukodiwa, na yule anayeisimamisha ametoka mjini naye amekuja kutafuta unga wa watoto. Malipo yaliingia katika sherehe zetu kwa mlango wa tenti, na tangu hapo hayakutoka.

Kwa upande wa mambo makubwa, Nairobi walianza mapema. Jumba la mikutano la Kenyatta lilifunguliwa 1973, na Septemba ya mwaka ule ule Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Dunia walifanya humo mkutano wao wa mwaka. Wakati ule nani angalifikiri kwamba kazi ya namna hiyo ingefika kwetu? Lakini tarehe 1 Juni 2024 sherehe ya Madaraka ya nchi nzima ilifanywa Bungoma, katika uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hii ni kazi ya watu wa mjini mkubwa tu.

Sasa nije kwenye sheria, kwa maana hapa wengi hukosea. Zamani za wakoloni, na miaka mingi baada ya Uhuru, mtu hakuweza kuitisha mkutano wa hadhara bila laisensi. Aliyenyimwa laisensi alikaa nyumbani au alikwenda ndani. Sheria ile ilibadilishwa 1997. Sasa, kwa Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, huombi ruhusa, unapeleka taarifa. Taarifa hiyo hupelekwa polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano, nayo hutaja jina la mwenye kuitisha, anwani yake, mahali, siku na saa. Mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili za asubuhi na saa kumi na mbili za jioni. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Arusi na ibada si mambo ya sheria hiyo ya Sura ya 56, lakini mkutano wa mwana siasa ni wake kabisa.

Liko neno moja katika sheria hiyo ambalo wapangaji hawalisomi. Mwenye kuitisha mkutano, au mtu wake aliyemtuma, lazima awepo tangu mwanzo hata mwisho, na asaidie polisi kutunza amani. Basi wako waheshimiwa ambao humwandika mpangaji katika karatasi ya taarifa kama ndiye mwenye mkutano, kisha wao wenyewe hufika saa kumi na moja, husema mpaka giza liingie, hupanda gari na kwenda zao. Anayebaki na polisi ni mpangaji, na anayebaki na tenti ni kijana wa tenti. Hapa Bungoma habari ya Malakisi haijasahauliwa, Februari 1948, polisi walipopiga risasi kundi la wafuasi wa Dini ya Msambwa, watu 11 wakafa. Tangu zamani zile watu wa pande hizi wanajua kwamba kundi la watu likikutana na bunduki si mchezo. Nawaambia wapangaji wenzangu: mkutano usio wako, usikubali jina lako liandikwe.

Sasa habari ya fedha. Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo, na naomba mnivumilie kwa hesabu.

Chukueni mfano wa arusi ile ya Kiminini. Tuseme tumepatana shilingi 150,000 kwa kila kitu. Nyama, mchele na vyakula vingine, 60,000. Tenti na viti, 35,000. Spika na jenereta, 15,000. Lori, 12,000. Wapishi wanne na vibarua sita, siku mbili, kila mmoja 800 kwa siku, hiyo ni 16,000. Zinabaki 12,000, nazo ndizo mshahara wangu kwa kazi ya majuma matatu. Hesabu ni nzuri juu ya karatasi. Lakini jamaa wa arusi hunipa arbuni ya 60,000, na kusema zilizobaki 90,000 watalipa “baada ya sherehe.”

Mwenye bucha hataki kusikia habari ya baada ya sherehe. Mwenye duka la mchele vile vile. Arbuni imekwisha sokoni kabla nguzo moja haijasimama. Mwenye tenti anataka nusu kabla hajafungua ghala. Mwenye lori anataka mafuta. Wote hawa hulipwa mapema kwa sababu wanaweza kukataa. Ni nani asiyeweza kukataa? Ni yule kibarua, ambaye akikataa wako wengine kumi pale stendi. Huyo huambiwa angoje. Arusi inakwisha, bibi arusi amekwenda, mjomba aliyeahidi kuongeza fedha hapatikani kwa simu, na kibarua angoje tu. Ndugu zangu, maana yake ni hii: benki iliyokopesha arusi ile ni mbeba viti. Mtu maskini kuliko wote uwanjani ndiye aliyemkopesha mwenye ng'ombe.

Na sheria inakataza jambo hilo waziwazi. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua wa siku hulipwa siku inapokwisha. Haisemi arusi inapolipwa. Haisemi kaunti inapolipa. Tena yule anayefanya kazi kwa mtu mmoja siku mfululizo zinazofika mwezi, si kibarua tena. Ana haki za mtu wa mwezi. Wako vijana hapa waliobeba viti vya mtu mmoja mwaka wa tatu sasa, na bado huitwa “wa leo.” Liko na jambo la viti vilivyovunjika. Kiti kikivunjika, hukatwa mshahara wa aliyekibeba. Sheria hairuhusu hivyo, ila kama alikiharibu kwa makusudi. Kiti cha plastiki kilichokaliwa na mzee wa kilo mia moja hakikuvunjwa na mbebaji.

Kuhusu kaunti sitasema mengi, kwa kuwa kila mmoja wenu anayajua. Serikali za kaunti katika nchi yetu zimejulikana kwa madeni yasiyolipwa kwa wakati. Mpangaji akubaliye kazi ya kaunti kwa neno la mdomo la ofisa mmoja, bila LPO mkononi, anacheza kamari. Acheze kwa fedha zake, si kwa mshahara wa watu wengine.

Niwape kisa kimoja ambacho nilikiona kwa macho yangu. Ilikuwa upande wa Kamukuywa, nami nilikuwa nimeitwa kuhesabu viti na vyombo tu; kazi ilikuwa ya mpangaji mwingine, naye sitamtaja. Vijana watano walikuwa wakisimamisha tenti kubwa. Waya wa umeme ulipita pembeni ya uwanja, chini kuliko ilivyopasa. Nguzo iliguswa na upepo, ikaegemea, ikagusa. Kijana aliyekuwa ameishika aliungua mkono na ubavu. Twashukuru Mungu hakufa. Tulimpeleka hospitali kwa gari la kuchukulia masufuria.

Jioni mama yake alikuja kuuliza nani atalipa. Mwenye sherehe alisema, “Mimi nilipatana na mpangaji.” Mpangaji alisema, “Mimi nilikodi tenti pamoja na watu wake.” Mwenye tenti alisema, “Vijana hawa si wangu, mpangaji huwachukua stendi.” Kila mmoja alikuwa na maneno mazuri, na kila mmoja labda aliyaamini. Hapakuwa na karatasi hata moja. Mama yule alizunguka kwa watu watatu kwa muda wa majuma, akitumia nauli ya bodaboda, na mwishowe fedha za hospitali zilichangwa na wabeba viti wenyewe, mia mia, hamsini hamsini. Kijana yule sasa anauza mitumba, kwa sababu vidole viwili havikunjiki.

Iko Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya 2007 nayo, inayomtaka tajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake na kuwalipa wanaoumia. Hata mapatano ya mdomo ni mapatano mbele ya sheria za kazi. Lakini sheria huuliza swali moja kabla ya yote: tajiri ni nani? Na katika kazi yetu swali hilo limeachwa makusudi bila jibu, kwa sababu kila mmoja anapata faida jibu lisipokuwapo, isipokuwa mwenye mkono ulioungua.

Basi sasa naweza kujibu barua ya karani.

Wapangaji ni wa namna mbili. Wako walioajiriwa kwa mwezi, na hoteli, na makampuni, na mashirika, na hata na kaunti. Hao hupewa dawati, huambiwa andaa semina ya watu 60 Alhamisi, na semina ikiharibika hufukuzwa. Hulala saa nane za usiku wakipanga majina juu ya meza, na ziada ya saa hizo hawaioni. Hao ni wafanya kazi kama ninyi, suti yao isiwadanganye. Waandikeni bila kusita. Wanawake ni wengi miongoni mwao, na wengi hawajapata kusikia kwamba kuna chama.

Namna ya pili ni sisi tunaojitegemea, wenye daftari na simu. Siku ambayo nimefanya kazi peke yangu, mimi ni fundi tu. Lakini siku niliyochukua vibarua sita pale stendi, mimi ni tajiri wao, hata kama mfukoni mwangu nina shilingi mia mbili. Umaskini wangu haunifanyi nisiwe tajiri wa siku ile. Sheria ya vyama vya wafanya kazi inasema chama ni cha walioajiriwa. Kwa hiyo, Bwana Mwenye Kiti, nasema hivi, na najua baadhi ya wapangaji waliokuja pamoja nami hawatafurahi: msituandike. Tukiandikwa, siku kibarua atakapoleta malalamiko yake juu yangu, ataniona nimeketi kwenye halmashauri. Atamlalamikia nani?

Mtuache nje ya kitabu, lakini mtufunge kwa mapatano. Chama kiandike karatasi moja, ya ukurasa mmoja, isiyo na maneno ya wanasheria. Iseme kiwango cha siku cha mbebaji, msimamisha tenti, mpishi na mtu wa spika. Iseme kwamba fedha za vibarua zitengwe kutoka katika arbuni, ziwe za kwanza badala ya kuwa za mwisho; katika mfano wangu, zile 16,000 ziwekwe kando kabla ya mtu kwenda kwa mwenye bucha. Kama arbuni haitoshi nyama na mishahara, basi arbuni ni ndogo, na mpangaji aseme hivyo kwa mwenye arusi mapema, kuliko kuja kusema kwa kibarua usiku. Iseme kwa jina nani ni tajiri wa siku ile, na bima ni ya nani. Na iseme kwamba nguzo hazisimamishwi chini ya waya, wala wakati wa radi, na msimamizi wa vijana ana haki ya kukataa bila kupoteza siku yake.

Mtaniuliza, mpangaji ataisaini kwa nini? Wengine hawatasaini. Lakini Jumamosi ya Desemba, wakati arusi ni nyingi kuliko mikono, nani anayemhitaji mwenziwe? Vibarua wa Kitale wakikubali kwenda tu kwa mwenye karatasi, na wa Bungoma wasikimbilie kazi iliyokataliwa Kitale, mwezi mmoja watosha. Shida ni hapo pa Bungoma na Kitale. Desemba iliyopita vijana wa huku walikataa kazi kwa sababu ya bei, na lori likaja na wengine toka kule kabla ya saa nne. Sisemi ili kuwagombanisha. Nasema kwa kuwa mmeketi chumba kimoja leo, na si kila siku mnaketi hivi.

Neno moja tena. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, serikali ilizuia mikusanyiko yote. Tenti zilikunjwa zikaliwa na panya. Wenye tenti waliuza viti. Vibarua hawakuwa na cha kuuza. Karatasi hiyo ikiweza kutaja shilingi kumi au ishirini za kila siku ya kazi, ziingie katika mfuko wa chama kwa jina la mwenyewe, itakuwa vema. Lakini hilo naliacha kwa mweka hazina, maana yeye ndiye ajuaye kama vitabu vyenu vyaweza kulibeba.

Nimeleta mfano wa karatasi yenyewe, nakala ishirini, ziko mezani kwa karani. Nimeacha nafasi tupu mahali pa bei, kwa sababu bei si yangu kuiandika. Mpangaji akiandika bei ya kibarua tumerudi pale pale. Naomba matawi mawili yaketi, yajaze nafasi hizo, na wapangaji tuitwe siku nyingine kuzisoma. Mimi nitakuwa wa kwanza kusaini, nikiona bei imeandikwa na mikono ya pande zote mbili.

Bwana Mwenye Kiti, nimekwisha. Niko tayari kwa maswali, na yule bwana wa Webuye aliyeinua mkono tangu nilipotaja mambo ya viti vilivyovunjika, naomba apewe nafasi kwanza.